Boliti Mbili Nilizozikata Leo Ukunda

Jamani, leo mdomo wangu umeniponza gerejini.

Mnanijua, fundi mwenye misuli kuliko wote Ukunda. (Anayebisha na aje.)

Akaja mzee mmoja na kanzu yake, gari lina pancha, haraka tele.

Nikamtania: "Mzee wangu, wahofia pilau la harusi litaisha?"

Akatazama saa yake.

Mimi huyo, nikachomeka bomba kwenye spana nipate nguvu, nikalikanyaga kwa maringo.

Kah! Boliti mbili zinazoshika tairi zikakatika, moja baada ya nyingine.

"Mwanangu," akasema, "naenda Msambweni kumzika mama. Mimi ndiye wa kushuka kaburini kumpokea. Wanazika baada ya adhuhuri."



Nikamwitia boda, mzee akasema mgongo wake hauwezi. Nikazigonga boliti mbovu zikatoka, nikakimbia dukani, nikarudi na mpya.

Nilipokuwa nakaza nati, simu yake ikalia. Akasikiliza.

"Alhamdulillahi," akasema taratibu, akaketi juu ya tairi bovu.

Nikauliza, "Vipi, mzee?"

"Mdogo wangu ameshampokea kaburini. Kaza polepole sasa, mwanangu. Hakuna anayenisubiri."

Nyinyi mngemwambia nini? Mimi nilikaza nati polepole.