Chupa ya Chai ya Yaya Feza

Nichekeni tu, jamani, maana hata leo nikimwona mchungaji wetu sokoni navuka barabara.

Dada yangu mkubwa, Yaya Feza, alilazwa hospitalini hapa Kindu akitundikiwa dawa kali ya saratani ya utumbo, nami ndiye niliyekuwa nikimuuguza. Sasa, wakati wa vita tulikimbilia porini upande wa Kibombo, tumbo likamshika, nikamchemshia mizizi akapona, na tangu hapo nikajiona daktari (shule niliishia darasa la sita), basi nikaamua kuisaidia dawa ya hospitali kwa mizizi ileile, nikaitia sukari nyingi kwenye chupa ya chai, Yaya nikamwambia ni chai, na daktari aliponiuliza kama tunampa dawa ya kienyeji nikaapa hapana.

Siku ya tatu Yaya alikuwa anahara hata kusimama hawezi. Asubuhi hiyo akaja mchungaji kuombea wagonjwa, akaiona chupa, na kwetu mgeni hanyimwi chai, ningesema nini? Akanywa vikombe viwili, akasema ni chungu kidogo lakini iko na nguvu, akaanza kupita kitanda kwa kitanda akiomba.

Alipofika kitanda cha mwisho daktari akaingia, akatuambia mbele ya chumba kizima kwamba mwili wa Yaya umeshindwa na dawa, itabidi matibabu yasimamishwe. Yaya akaanza kulia. Nami nikakaza kifuniko cha chupa! Mara mchungaji akakatisha maombi, akashika tumbo, akakimbia, na chooni hakufika. Daktari akamtazama, akaitazama chupa, akaifungua na kuinusa.

“Hii njo chai gani?”

“Ni mizizi, Dokta,” nikasema, na chumba kizima kikasikia. “Yaya anakunywa toka juzi.”

Nilitamani ardhi inimeze. Daktari hakunigombeza sana, alisema matibabu hayatasimamishwa, yatangoja tumbo litulie, na siku nyingine nimwonyeshe mzizi kabla ya kuuchemsha. Yaya ndiye aliyenimaliza.

“Kule pori ulinipatia mizizi sababu hakukuwa kitu ingine, mudogo yangu. Hapa dawa iko, na weye ukaniambia ni chai.”

Nimeapa sirudii. Yaya bado anatibiwa, anaendelea vizuri kidogo, na hajawahi kulisema tena jambo hilo, ila nikimpelekea uji ananirudishia kijiko nionje kwanza, nami naonja huku nikitazama chini.