Jina la Chini Kabisa

Kaka yangu wa pili amechonga mawe miaka thelathini, mengi ya makaburini, na mtaa mzima unamwita Tindo. Jina lake halisi tunalijua mama na mimi, na labda karani aliyemwandikia kitambulisho.

Kamati ya mnara wa mashujaa ilipomwita, mchoro ulikuwa umeshapitishwa. Juu, askari wa shaba mwenye misuli ambayo hakuna askari wetu aliyekuwa nayo, maana kule vitani walikula mlo mmoja kwa siku. Chini yake, nafasi ya majina arobaini, kwa sababu arobaini yalikaa vizuri kwenye safu nne. Waliokufa walikuwa arobaini na mmoja. Kumbe kupunguza maiti ni rahisi kuliko kuchora upya.

Aliyepunguzwa ni kaka yetu mkubwa, mpishi wa kikosi. Kaburi hana. Mama, ambaye sasa haoni, alitaka jambo moja tu: aguse jina la mwanawe kabla hajafa. Tindo akaenda kumwomba mwenyekiti.

"Mzee, mstari mmoja tu. Nitachonga bure."

"Fundi, huyo alikuwa mpishi. Hakufa akipigana."

"Bomu lilimkuta jikoni, mzee."

"Si ndiyo hivyo? Jikoni."

Mwenyekiti mwenyewe, ambaye vita alivisikia redioni, alipewa jiwe zima peke yake, herufi kubwa kama viatu. Nilimchukia mpaka nikakosa hamu ya kula.

Siku ya uzinduzi tulimshika mama mkono hadi mbele. Mwenyekiti alihutubia saa nzima bila kutaja marehemu hata mmoja. Mwishoni adabu zikamrudia, akataka kumshukuru fundi. Fundi anaitwa nani vile? Akainama chini kabisa ya mnara, pale ambapo kila mchonga mawe huruhusiwa kuacha jina lake, akalisoma lote kwenye kipaza sauti.

"Makofi kwake!"

Uwanja mzima ukapiga makofi. Lilikuwa jina la kaka yetu mkubwa.

Tindo aliangalia viatu vyake. Mama akapiga magoti, akapapasa jiwe, vidole vikapita herufi moja moja, polepole, huku machozi yakimtoka. Mwenyekiti akamwinamia kwa tabasamu la picha.

"Hongera, mama. Umezaa fundi hodari."

"Na mpishi," mama akamjibu, bila kuondoa mkono.