Makaa ya Mawe Kwenye Ua wa Temeke

Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu tulipanga chumba Temeke, kwenye nyumba ya vyumba sita yenye ua mpana nyuma. Mie nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mume wangu alikuwa fundi wa malori, mtu ambaye hakuweza kuona kitu kimefungwa kwa skrubu asitake kukifungua. Siku moja alirudi kutoka safari ndefu ya kusini. Nilitegemea mchele wa Kyela. Yeye akashusha kigunia kizito, akakitua miguuni pangu huku akitabasamu.

"Fungua, mwalimu."

Nikafungua. Ndani mlikuwa na mawe meusi yanayong'aa.

"Umeniletea mawe?"

"Makaa ya mawe hayo! Kuna nchi zinawasha umeme wa miji mizima kwa haya. Kipande kama ngumi yako kinatosha kupikia siku nzima. Na sie tunayo, yamelala tu ardhini huko. Hii ndiyo kujitegemea."

Siku hizo, mtu akishatamka kujitegemea, ubishi umekwisha. Isitoshe, mkaa ulikuwa umenichosha. Uliokuja kutoka Kisarawe ulikuwa nusu vumbi, na mafuta ya taa tulikuwa tukiyapangia foleni tangu alfajiri. Nikasema haya, tujaribu.

Tulijaribu Ijumaa, shule zikiwa likizo. Mume wangu alipanga mawe yake kwenye jiko langu, akayamwagia mafuta ya taa ya vibatari viwili, akawasha. Kwa muda hakukutokea kitu. Alipopepea kwa nguvu, ukapanda moshi ambao sijapata kuuona tena maishani: mzito, wa manjano na mweusi, unanuka kama mayai viza na njiti za kiberiti. Haukwenda juu. Ulitambaa uani ukaingia chumba kimoja baada ya kingine, na watu wakatoka mmoja mmoja wakikohoa.

Kwenye kamba ilikuwa imeanikwa kanzu nyeupe ya baba mwenye nyumba, ya kuendea msikitini. Mama mwenye nyumba, mwanamke wa Kizaramo mwenye sauti ya kufika hadi barabarani, aliitoa kambani ina madoa ya masizi kama manyoya ya kanga.

"We baba!" alipiga kelele. "Umeleta treni uani kwangu?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Mume wangu aliomba radhi, akaifua kanzu ile kwa mikono yake mbele ya wote, na mie nikaisuuza. Nilidhani yamekwisha. Kumbe alipokuwa akifua alikuwa anawaza.

"Tatizo si makaa," aliniambia jioni. "Tatizo ni moshi. Moshi ukikamatwa, basi."

Kesho yake alileta pipa la oili, bomba bovu la lori na bati. Alifunika jiko kwa bati, akapitisha bomba hadi ndani ya pipa lililojaa maji, ili moshi uoshwe kabla haujatoka. Majirani walisogeza vigoda karibu. Mama mwenye nyumba aliondoa nguo zake zote kambani kwanza, kisha naye akaja kutazama.

Na kwa dakika chache ilifanya kazi! Mie nilikuwa nimekazana kupepea kwa chini, na pipa likaanza kutoa mapovu, bwaa, bwaa, hewa ikabaki safi. Watu wakapiga makofi. Mume wangu aliinama kama mcheza sarakasi. Nilipochoka kupepea, moshi ukakataa kupita majini, ukarudi ulikotoka, na jiko likazima. Maharage yangu yalikuwa hayajapata hata joto.

Miongoni mwa watazamaji alikuwa mzee mchongaji aliyevuka Ruvuma miaka mingi nyuma, akachukua chumba cha pembeni. Alikuwa akichonga vinyago na vijiko vya miti kutwa nzima, na maneno yake yalikuwa machache. Alichungulia ndani ya pipa, akaona maji yamekuwa meusi tii.

"Mwanangu," alisema kwa upole, "moshi umeukamata. Sasa utaupeleka wapi?"

Mume wangu alitazama pipa, kisha akatazama huku na huku.

"Usithubutu kumwaga kwenye mchicha wangu!" alisema mama mwenye nyumba.

Ua mzima ukaangua kicheko. Nilimtazama mume wangu, nikiogopa kwamba ataona aibu. Alikuwa wa kwanza kuketi chini kwa kucheka.

Mzee mchongaji aliingia chumbani kwake, akatoka na kopo kubwa la rangi lenye tundu chini, ubavuni. Alisimamisha chupa tupu katikati, akapitisha kijiti kinene kwenye lile tundu mpaka kikagusa chupa. Akamimina vumbi la mbao, akilishindilia kwa mpini wa nyundo. Alipochomoa chupa na kijiti, kukabaki njia ya hewa. Akawasha kwa chini. Moto ukapanda katikati, mwekundu, umetulia, na moshi kidogo tu wa mwanzo. Maharage yaliiva, chai ikachemka, na moto bado ulikuwapo.

"Siku zote hizi unapikia takataka zako, wala husemi?" nilimuuliza.

"Hakuna aliyeniuliza," akajibu.

Mume wangu alilizunguka lile kopo kama anayekagua injini. Ndani ya wiki moja alikuwa ametengeneza majiko manane, akiongeza miguu na vishikio, na kila Jumamosi tulikwenda kwa mafundi seremala kuomba vumbi walilokuwa wakilitupa. Mvua za masika zilipolilowesha, nilirudia mkaa, siwezi kudanganya. Lakini siku za jua sikununua. Makaa ya mawe tulimpa mhunzi mmoja wa Kiwalani mwenye mivukuto ya kupulizia moto. Alifurahi mno, akatutengenezea jembe.

Balozi wetu wa nyumba kumi alisikia habari, akatuita tuonyeshe jiko mkutanoni. Mume wangu alieleza mambo ya hewa na joto mpaka watu wakaanza kupiga miayo. Mwisho akamwinua mzee mchongaji, akasema huyu ndiye mwenye elimu, ayaseme mwenyewe. Mzee alisimama, akakohoa kidogo, akafunua sufuria ya maharage iliyokuwa juu ya jiko.

"Yameiva," alisema. "Leteni sahani."