Kohozi la Mama Mkwe

Mhudumu wa afya aliruka nyumba tatu akaja moja kwa moja kwetu, na papo hapo nikajua kuna mtu ametuchongea. Huku Chanika nyumba zimeachana, katikati ni mihogo. Mtu hafiki mlangoni kwako kwa bahati mbaya. Alisalimia vizuri, akavaa barakoa, akauliza nani pale nyumbani anakohoa zaidi ya wiki mbili.

Nilimtazama mama mkwe. Alikuja kutoka kijijini kunisaidia kulea mtoto, na tangu afike alikuwa anakohoa. Nilishamtengea kikombe na sahani bila kusema neno. Mtoto, ambaye ndiyo kwanza ameanza kutambaa, nilimtoa chumbani kwa bibi yake nikawa namlaza kitandani kwetu, katikati yangu na mume wangu. Nilimwogopa yule mama, basi. Mume wangu naye alikuwa na kikohozi, ila yeye ni fundi ujenzi, anashinda kwenye saruji. Tulisema ni vumbi.

Mhudumu akampa mama mkwe kikopo chenye kifuniko. "Kesho ukiamka, mama, kabla hujala, kohoa kutoka ndani kabisa uteme humu. Siyo mate, nataka kohozi."

Asubuhi niliamka mapema makusudi, nimchunge. Nikakuta kikopo kiko tayari dirishani, kimefungwa. Nikashtuka. Mama huyu akikohoa hadi majirani wanasema pole, na siku hiyo nilimsikia mume wangu tu, nje kwenye pipa la maji, kabla hajaenda saiti.

"Umetema saa ngapi, mama?"

"Alfajiri. Kwani wewe ndo daktari?"

Sikumwamini hata kidogo. Nilijua ameweka mate ili asionekane na kitu, na nilipomkabidhi mhudumu kile kikopo nilimwambia wakipime vizuri.

Aliporudi na majibu alikaa kwanza. Akasema kwa upole kwamba mama amekutwa na kifua kikuu, dawa ni bure, akizinywa zote atapona, hivyo waende kituoni akaanzishiwe. Mimi kichwani nilishamfungashia mizigo, nilishampandisha basi la kwao.

"Siendi," mama mkwe akasema.

Mhudumu akambembeleza. Akakataa. Kisha akanigeukia mimi, machozi yanamtoka.

"Siyo langu hilo kohozi. Mie nilimwambia mwanangu anitemee. Ningekutwa nacho ungenirudisha kijijini, nakujua. Yeye si mzima? Si anabeba mifuko ya saruji?"

Mhudumu alitutazama mmoja mmoja, kisha akauliza, "Mtoto huwa analala na nani?"

Tulikuwa bado tumekaa pale mume wangu alipoingia kutoka kazini, mweupe kwa saruji hadi kwenye nyusi. Mtoto alipomwona akaanza kutambaa mbio kumfuata, anacheka.

"Usimguse!" nikapiga kelele. "Usimguse mtoto!"

Mume wangu akacheka. Alidhani nasema habari ya vumbi. Akajipangusa mikono kwenye suruali, akainama, akamnyanyua.