Kifuniko cha Darubini

Shemeji yangu, mume wa dada, watoto wa mtaa walimbatiza jina la Subiri. Ukipanda juu ya paa jioni kumuuliza kama darubini iko tayari, jibu ni lilelile: subiri kidogo. Mimi naishi kwao, na hiyo "kidogo" yake naijua. Dada hushinda kutwa amesimama akipiga pasi shuka za hospitali. Akirudi, miguu imevimba, hukaa kwenye kiti akingoja kuitwa, na usingizi humchukua hapohapo. Miaka yote ya ndoa hajawahi kuchungulia.

Si kwamba Subiri alikuwa mzembe. Kitako cha darubini yake kina mhimili ambao lazima uelekezwe kwenye ile sehemu ya anga ambayo nyota zote huizunguka. Ukiuweka sawa, unazungusha skrubu moja tu taratibu na nyota haikuponyoki. Ukiuweka ovyo, utaifukuza mpaka shingo ikukatike. Mahali pa kukaa miguu mitatu ya kitako alipachonga kwa patasi kwenye zege, nami nikamtania, kwani rangi ya kuwekea alama imeisha madukani?

Kazi yake ilikuwa kusaga vioo vya miwani, mpaka macho yake mwenyewe yalipoanza kufifia. Daktari alimwambia hayatarudi. Tangu hapo alitaka kitu kimoja: aione tena sayari ya Zohali na pete zake kabla giza halijafunga kabisa. Lakini kila jioni ilikuwa mawingu, au uchovu wetu.

Juzi jua lilipozama anga lilikuwa safi. Nilipanda nikiwa hoi, nimenuna. Shemeji alipapasa mashimo ya zege kwa kidole cha mguu, akaingiza mguu wa kwanza wa kitako, wa pili, wa tatu. Ndipo nikaielewa ile patasi, na utani wangu ukanichoma.

Nikamlengea kwa darubini ndogo iliyofungwa ubavuni mwa ile kubwa. "Inua kidogo. Hapohapo, shemeji, kaza."

Akainama kwenye darubini kubwa.

"Ehee! Naiona," akasema. "Pete zimelala kidogo. Mwite dada yako aje aone."

Dada alipanda ngazi akilalamika, mkono kiunoni. "Haya, nionyesheni hiyo nyota yenu nikalale." Akachungulia, akaguna. Akapapasa mdomo wa darubini, vidole vikagonga plastiki. Kifuniko kilikuwa hakijatolewa.

Alinitazama, akaweka kidole mdomoni. Akakibandua kifuniko bila sauti, akakitia mfukoni, akachungulia tena. Safari hii pumzi ilimkatika.

"Kweli zimelala," akasema. Kisha, kwa upole: "Na kale kanukta kando yake, mume wangu, ulikaona?"

Mkono wa shemeji ulikwenda kwenye msumari wa ukutani anapotundika kifuniko akishakitoa, ukapapasa, ukaukuta mtupu. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilitaka kulia, na kwa jinsi nilivyochoka hata kulia sikuweza.

"Sikukaona," akasema.

"Basi kaa hapo nikueleze."

"Subiri. Shika kwanza hiyo skrubu. Zungusha polepole, la sivyo itatoroka."

Dada akavua viatu, akaishika skrubu, akaanza kumweleza.