Nilisema Kweli Kanisani, Nikamvunjia Adela Nyumba

Nimekosa, na kosa langu nataka kulitaja mwenyewe kabla hamjanitajia jingine. Wapo watu Mpanda wanaosubiri nitubu kwa sababu nilipanda meli. Hilo hawatalipata! Niliipanda, nikaizunguka ghorofa kwa ghorofa, nikafurahi, na sijutii. Ninachojutia ni maneno machache niliyoyasema baadaye mbele ya waumini, nikiwa nimevaa vizuri na kuchana nywele, maneno ya kweli kabisa, yaliyomvunjia rafiki yangu nyumba.

Ndiyo, ya kweli. Hapo ndipo akili yangu inapokwama. Ningekuwa nimesema uongo, ningeukana na mambo yakaisha. Nitaikanaje kweli?

Sikiliza basi, wewe unayesoma, nami nitajitahidi kupanga mambo kwa mfuatano. Majina nimeyabadilisha. Mpanda mtanijua tu.

Ilikuwa katikati ya miaka hii ya tisini. Nilikuwa Uingereza nikisomea shahada ya uzamili katika mambo ya maji, kwenye mji mmoja wa bandari. Adela, muuguzi wa kwetu Mpanda, alikuwa mji huohuo kwa kozi fupi. Nyumbani tulisali kanisa moja. Yeye ni mwimbaji wa kwaya. Alikuwa ameolewa na karani wa reli, na ndoa yao ilikuwa na miaka kadhaa bila mtoto. Mimi nilikuwa na mchumba, Masanja, mwalimu wa sekondari, ambaye wazazi wake walihama na ng'ombe kutoka Usukumani wakajenga Kasokola.

Adela ndiye aliyeona tangazo. Meli ya kitalii ilikuwa gatini baada ya matengenezo, na wageni walikaribishwa kutembezwa ndani. Sharti lilikuwa moja: mgeni awe mtu mzima. Hata ikiwa safarini, meli hiyo haichukui watoto.

"Twende," Adela alinivuta mkono. "Mimi meli ninayoijua ni ile ya ziwani. Ukipanda Karema, unalala na mbuzi, kuku na magunia ya dagaa, na mtoto wa mtu anakutapikia gauni."

Tulikwenda. Jamani, tulikwenda!

Tulipanda kwa ngazi iliyofunikwa turubai jeupe, na mara tukawa ndani ya ukumbi uliopanda juu ghorofa tatu, wenye ngazi ya kuzunguka na taa za vioo zilizoning'inia kama mvua iliyoambiwa isimame. Zulia lilikuwa nene kiasi kwamba sikusikia viatu vyangu. Mama mmoja wa makamo, mwenye sare ya buluu, ndiye aliyetuongoza, sisi na wazee wa Kizungu wapatao kumi na watano. Alituonyesha maktaba yenye viti vya ngozi, ukumbi wa dansi wenye sakafu ya mbao iliyong'aa, jumba la maonyesho lenye pazia jekundu, na chumba cha chakula ambamo kila sahani ilizungukwa na vijiko na uma mpaka Adela akaninong'oneza:

"Hapa mtu anakula au anafanyiwa upasuaji?"

Nilicheka kwa sauti. Wazee waligeuka, nao wakacheka bila kujua tunachokicheka.

Vyumba vya kulala vilikuwa na vibaraza vidogo vinavyotazama maji. Juu kabisa, kwenye sitaha ya wazi, palikuwa na bwawa la kuogelea, na pembeni vitanda vya kujinyoosha ambavyo abiria wazee waliotangulia kupanda kungoja safari walikuwa wamevilalia na makoti yao, wamejifunika mablanketi, wanasoma. Upepo ulikuwa mkali. Nilitembea kutoka mwisho mmoja hadi mwingine nikitafuta kitu cha kunitia haya, kwa maana najijua, napenda kuchunguza, na sikukiona. Adela alimuuliza yule mama:

"Na mtu akijifungua humu katikati ya bahari?"

Mama yule alitazama abiria wake waliokuwa wamelala, akasema kwa utaratibu, "Kwa hawa, mpenzi wangu, huo utakuwa muujiza."

Ziara ilipoisha walitupa chai katika sebule ya mbele, yenye madirisha makubwa. Ilikuwa kimya. Adela alishika kikombe kwa mikono miwili, akatazama nje kwa muda, kisha akasema, taratibu, kwa ajili yangu tu:

"Unajua ninachopenda humu? Hakuna mtu wa kuniuliza nina watoto wangapi."

Nilimsogezea biskuti. Nilielewa kwamba nimekabidhiwa kitu.

Nilirudi nyumbani mwaka uliofuata. Adela alikuwa ametangulia. Masanja alinipokea stesheni, na Jumamosi yake tukaenda Kasokola kwao. Mama yake, ambaye wote tulimwita mayu kama Wasukuma wanavyomwita mama, alikuwa amechinja kuku wawili. Ndugu walijaa uani. Wakaomba habari za Ulaya. Mimi nikajisahau! Niliwatembeza meli nzima pale uani: nikaonyesha kwa mikono urefu wa ngazi, nikacheza ile sakafu ya dansi, nikapanga vijiko juu ya mkeka.

"Shemeji," mdogo wake Masanja alidakia, "sasa meli yote hiyo, ng'ombe wanakaa ghorofa ya ngapi?"

Watu wakaangua vicheko. Mayu naye alicheka, akafuta macho kwa kanga, kisha akauliza kwa wema kabisa:

"Na watoto wanalala wapi, mwanangu?"

"Watoto hawaruhusiwi, mayu."

"Wakiwa wagonjwa tu?"

"Hapana. Hawaruhusiwi kabisa. Ni meli ya watu wazima."

Kicheko kiliondoka uani kama mtu kakiita jina. Mayu aliinamisha kichwa, akaanza kuokota vijiko vyangu mkekani, kimoja baada ya kingine.

"Nyumba inayofukuza watoto," alisema hatimaye, "bibi harusi anaifuata kutafuta nini?"

Ungekuwa wewe ungejibu nini? Mimi nilijibu kama darasani. Nikaeleza kwamba wazee wanahitaji utulivu, kwamba ni biashara, kwamba kila abiria ana hiari. Kila sentensi ilikuwa sahihi, na kila sentensi iliniongezea ubaya. Kufikia Jumatano habari zilikuwa zimevuka soko la Mpanda: yule msomi hataki kuzaa, alikwenda kulikataa tumbo lake majini huko Ulaya.

Masanja alikuja akiwa na uso wa mtu aliyetumwa.

"Wazee wamesema posa inasimama. Mpaka useme neno kanisani."

"Neno gani? Nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu, najua. Sema tu samahani, yaishe."

"Samahani ya nini, Masanja?"

"Ya chochote! Kwani samahani inauma?"

Nilipaswa kukataa pale pale. Badala yake nilikaa kuandaa maneno, maana nilimpenda, na nilikuwa nimechoka kuonekana mgeni kwetu. Nikafikiri mpaka fikra zikachacha. Nikijilaumu mwenyewe peke yangu, nitaonekana kiongozi wa jambo. Nikisema tulikuwa wawili, uzito utagawanyika. Na kwa kuwa ni kweli tulikuwa wawili, nikajiambia, simuonei mtu. Tazama jinsi mtu aliyesoma anavyoweza kujenga daraja zuri la kuendea uovu!

Jumapili mchungaji alisema, "Dada yetu ana neno." Nikasimama.

Nilisema kwamba nilikwenda mahali pasiponifaa. Nilisema kwamba sikuwa peke yangu, na kwamba wazo la kwenda halikuwa langu. Adela ndiye aliyeona tangazo. Nikaona vichwa vinatikisika kwa huruma, huruma kwangu mimi! Ikaniingia kama pombe. Nikataka nyingine. Nikasema:

"Na tulipokuwa ndani, mwenzangu alisema anapapenda kwa sababu hakuna wa kumuuliza ana watoto wangapi."

Kwaya ilikuwa imesimama mbele, imetazamana na watu. Adela alikuwa mstari wa kwanza na sare yake ya zambarau. Kanisa zima liligeuza macho kwake kwa pamoja, na yeye hakuwa na mahali pa kuyakwepa. Kisha kinanda kikalia, na akaimba. Aliimba wimbo wote, Mungu wangu, midomo yake haikukosa neno! Mama mkwe wake alinyanyuka kwenye benchi la akina mama, akatoka nje.

Kwangu mambo yalinyooka. Posa ikaendelea. Kwa Adela, mama mkwe alipata alichokuwa amekosa miaka yote: sababu. "Kumbe mtoto alimkataa mwenyewe," alitangaza kisimani na sokoni. Mume, mtu mpole asiyeweza kumbishia mama yake, alinyamaza. Kabla mvua hazijaisha, Adela alikuwa amepanga chumba jirani na hospitali, na kwa yule karani akaletwa mke mwingine. Kwa nini wale wawili hawakupata mtoto, mimi sijui. Na wala si kazi yangu kujua, wala yako!

Nilivumilia aibu hiyo kwa muda mrefu kuliko inavyostahili. Kilichonivunja ni upole wa mayu. Tulikuwa tunapukuchua mahindi, akanigusa bega akasema:

"Sasa wewe ni wetu. Umetuonyesha mbaya ni nani."

Nikaacha gunzi likadondoka. Nikaenda mjini siku hiyo hiyo.

Nilimkuta Adela nyuma ya chumba chake akianika sare za kazi na nguo za ndani. Nikaanza maneno yangu: nimekuja kukuomba radhi, sikukusudia, nilibanwa. Akaendelea kubana nguo kambani.

"Umemaliza?"

"Adela, nisamehe."

"Wewe ulinisema mbele ya kanisa zima. Sasa radhi unaniletea huku nyuma, mimi na wewe na chupi zangu za kuanika?" Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Ulikonisemea ndiko ukaniombee."

Alikuwa na haki, na nilimwambia hivyo.

Nikamweleza Masanja kwamba nitasimama tena.

"Unataka kuchokonoa lililokwisha?"

"Kwangu limekwisha. Kwa Adela linaendelea."

"Usomi umekuharibu. Kila kitu unakichambua kama mchele!"

"Nilipouchambua vibaya ulinishangilia."

Wazee wa kanisa walinikatalia, wakasema jambo lile limefungwa. Jumapili, wakati wa matangazo, nilisimama bila kuitwa. Nikasema kwamba meli ile haina dhambi, kwamba Adela hakumkataa mtoto wala mume, na kwamba maneno yake alinikabidhi kama rafiki, nami nikayauza ili niolewe. Mzee mmoja alimkonyeza mpiga kinanda. Wakaanzisha wimbo juu ya sauti yangu. Nikapaza! Wakapaza! Waliokaa mbele walinisikia. Wa nyuma walisikia wimbo. Adela mwenyewe hakuwepo. Alishaacha kuja.

Posa ilivunjika wiki hiyo hiyo. Wakwe walirudisha kanga niliyompa mayu, imefuliwa na kukunjwa vizuri. Nililia zaidi kwa ajili ya mayu kuliko kwa ajili ya Masanja, nalisema hilo bila kuficha. Sasa nafundisha mbali na Mpanda, na usingizi wangu si mzuri. Lakini nikiambiwa nichague tena kati ya harusi ile na kupaza sauti kule, nitapaza, na safari hii nitaanzia benchi la nyuma.

Kabla ya kuandika haya nilimwomba Adela ruhusa. Sikuthubutu kulisema neno lake mara ya pili bila yeye kujua. Alinijibu: "Andika. Ila usinifanye mtu wa kuhurumiwa." Hajaniambia kwamba amenisamehe, nami sijamuuliza tena. Hanidai maelezo zaidi, wala mimi simdai msamaha.

Nyie mnaojua kupanga maneno, nawaonya. Siku mtakapobanwa mjitetee, mtajikuta mmeshika siri ya mtu, nayo itaonekana kuwa kweli isiyo na madhara. Itupeni chini! Afadhali mfukuzwe, mchekwe, mkose ndoa, kuliko kusalimika kwa neno mliloaminiwa. Na mkilazimishwa kutubia jambo msilolikosea, kataeni tangu mwanzo, maana toba ya uongo haitosheki na mtu mmoja; itawataka mlete na wa pili.

Gazeti hili hufika Mpanda kwa treni, limechelewa, likapita mikono mingi kabla ya kufungiwa maandazi. Wewe uliyekaa benchi la nyuma ukasikia wimbo, sasa umesikia na maneno. Mama mkwe wa Adela hajui kusoma. Mkalishe kibarazani kwake, mchana, majirani wakiwepo, umsomee kwa sauti.