Muuguzi Anayepima Ngozi kwa Kiganja cha Mgonjwa

Saa mbili asubuhi, muuguzi anavuta pazia la chumba namba tatu, anachomeka kalamu sikioni na kumwambia mgonjwa: "Haya mama, leta mkono. Wako, si wangu."

Mgonjwa ni fundi cherehani, mwanamke mdogo wa umbo. Ana soriasisi, ugonjwa unaofanya ngozi iwe nene, iwashe na kubanduka magamba meupe. Hauambukizi, lakini nenda kawaambie wateja.

"Mmoja alileta kitambaa, akaona viwiko vyangu, akasema amesahau vipimo nyumbani," anasema fundi. "Mpaka leo anavitafuta."

Muuguzi anacheka kidogo. Anachora kiganja cha fundi, pamoja na vidole, kwenye karatasi ya nailoni, anakata mchoro huo. Kiganja kimoja ni kama sehemu moja kati ya mia ya ngozi ya mwenye nacho. Anakihamisha kiganja hicho cha nailoni mgongoni, kiunoni, mapajani, akihesabu kwa sauti mabaka yanajaza viganja vingapi. Anapapasa unene. Anatazama rangi.

"Fomu inataka wekundu. Ngozi nyeusi hugeuka zambarau. Ukingoja wekundu utazeeka hapa."

Utaratibu wa kliniki ni huu: viganja kumi kwenda juu, mgonjwa anapewa sindano. Chini ya hapo, arudi nyumbani na mafuta ya kupaka. Miezi minne iliyopita fundi aliandikiwa saba. Amepaka mafuta mpaka amechoka, na nyayo zimepasuka hata pedali ya cherehani haikanyagiki.

Leo muuguzi anafika kumi na moja.

"Mabaka yameongezeka?"

"Wala, dada. Ni yaleyale."

"Nani alikupima?"

"Mkubwa wenu. Aliweka mkono wake mgongoni, pa, pa, pa, kamaliza."

Mkubwa wa kliniki ana mkono kama sinia. Muuguzi anatoka na fomu zote mbili, ya zamani na ya leo, anaingia ofisini kwa mkubwa, na mpaka kwenye benchi la wagonjwa wanasikika.

"Saba yangu imeshaingia kwenye faili, sista."

"Mkono wako unampima mtu wa kimo chako, bosi. Huyu anakufika kifuani."

"Aje wiki ijayo."

Aliyewahi kumpeleka mke hospitali akarudi peke yake anaijua sauti hiyo. Wenye viti vya kuzunguka wana wiki nyingi za kugawa, na zote ni za wengine.

"Yuko hapa sasa hivi," muuguzi anajibu. "Miezi minne haijatosha?"

Mkubwa anasaini bila kuinuka. Samahani haombi. Fundi anapelekwa maabara. Damu ikiwa safi, ataanza sindano wiki hii.

Muuguzi ana miaka kumi na miwili kwenye kazi hii, na hupima watu wanane kwa siku chini ya taa moja. Mchana huu anafungua kabati la mafaili. Waliopimwa kwa mkono ule wakakosa sindano ni kumi na tisa, wengi wao wanawake na watoto. Hakuna aliyemtuma awatafute, wala hakuna atakayemlipa. Amepanga kuwapima upya siku zake za mapumziko.

"Kumi na sita nimewapata kwa simu," anasema jioni. "Watatu hawapatikani. Mmoja kwao napajua. Kesho sina zamu, naanza na huyo."